TUTAZAME UMEME UNAPOINGIA, TUSINGOJE TAA IZIMIKE

Ndugu mtumikaji, na wewe mama unayetunza nyumba ya mtumikaji, ukurasa huu umezoea kusema nanyi juu ya kofia ya kazi, viatu, miwani na ngazi. Leo tunasema juu ya kitu ambacho wengi hukipita bila kukitazama. Ni kile kisanduku kidogo kinachopokea umeme upande mmoja na kuutoa upande mwingine ukiwa umebadilika.

Shaja ya taa ya kichwa ni kisanduku cha namna hiyo. Kile kinachopokea umeme wa mabao ya jua na kuujaza ndani ya batri, nacho ni cha namna hiyo. Kile kinachochukua umeme wa batri na kuufanya volti 220 kwa ajili ya friji ya chanjo kwenye kituo cha afya, ni ndugu yao. Hata shaja ya simu iliyo karibu na kitanda chako ni mtoto wa jamaa hiyo. Mafundi wanaviita konvertisa. Sisi hapa tutasema kigeuzi.

Maoni yetu ni haya. Kigeuzi ni chombo cha usalama, sawa na kofia. Kwa hiyo kisinunuliwe kwa kutazama bei na wati tu. Kinunuliwe kwa kutazama namna kinavyoupokea umeme mbaya. Na namna tunayoitaka ni ile ambayo kigeuzi kinapima umeme unaoingia na kujirekebisha saa ileile, kabla madhara hayajafika upande wa pili. Tutaeleza sababu, na tutaeleza pia mambo ambayo kigeuzi hicho hakiwezi kufanya, maana mtu akitegemea chombo kupita kiasi, chombo hicho humdanganya.

UMEME WETU HAUKAI SAWA

Hapa Kindu, na katika migodi ya ndani ya Maniema, umeme una vyanzo vitatu: maji, mazuti na jua. Wazee wa Kalima wanaujua umeme wa maji wa Lutshurukuru, uliojengwa kwa ajili ya migodi ya bati. Umeme wa maji ukipita kwenye nyuzi ndefu, jioni watu wote wanapowasha, volti hushuka. Fundi wa kuchomelea akiacha kazi yake ghafula, volti hupanda.

Umeme wa mashini ya mazuti una tabia yake. Pampu kubwa ikiwashwa, mashini huguna na volti huanguka. Pampu ikizimwa, volti huruka juu mpaka mashini itulie.

Umeme wa jua ndio wenye kigeugeu zaidi. Nani hapa hajaona wingu moja likipita juu ya Lualaba na kufanya kivuli kwa dakika moja, kisha jua likatoka kwa ukali? Bao la jua linahisi jambo hilo kabla ya wewe kuinua macho.

Basi, kigeuzi kilichotengenezwa kwa mji ambao umeme wake haubadiliki, kikiletwa huku, kinafika fasi ya mateso. Hatuwezi kuamuru wingu. Lakini tunaweza kuchagua chombo.

MFANO WA MFEREJI

Wewe uliyeosha kasiteriti unalijua jambo hili bila kitabu. Maji yanashuka kwenye mfereji, yanapita juu ya kisanduku cha kuoshea. Kasiteriti ni nzito, inabaki chini. Mchanga ni mwepesi, unaondoka. Maji yakiwa kidogo, mchanga unabaki. Yakizidi, yanabeba mchanga na kasiteriti pamoja, na kazi ya siku nzima inapotea.

Sasa tuseme kuna namna mbili za kulinda maji hayo.

Namna ya kwanza: mtu anasimama mwisho wa kisanduku. Akiona kasiteriti inaanza kuondoka, anapiga kelele kwa mwenziwe wa mlango wa maji: «Funga!» Mwenziwe anafunga. Lakini maji mengi yamekwisha kupita, na sasa maji yanakuwa kidogo. Mtu wa chini anapiga kelele tena: «Fungua!» Anafungua, na maji yanazidi. Mara nyingi huyu mtu anachelewa. Akifanya haraka kupita kiasi, maji yanayumba juu na chini bila kutulia.

Namna ya pili: mtu anasimama juu, penye mlango wa maji. Anaona mvua imenyesha mlimani na maji mekundu yanakuja. Anashusha mlango kidogo kabla maji hayajafika kwenye kisanduku. Mtu wa chini hata hajui kama kulikuwa na hatari.

Namna ya kwanza tuite marekebisho ya nyuma: unatazama kilichotoka, kisha unarudi kusahihisha. Namna ya pili tuite marekebisho ya mbele: unatazama kinachoingia, unasahihisha mbele ya madhara. Kigeuzi cha umeme kinaweza kufanya kazi kwa namna ya kwanza peke yake, au kwa namna zote mbili pamoja.

NDANI YA KISANDUKU

Ndani ya kigeuzi kuna swichi ambayo haishikwi na mkono wa mtu. Inafunguka na kufungika mara elfu makumi kwa sekunde moja, na katika vigeuzi vingine mara laki kadhaa. Inapofunguka inapitisha umeme, inapofungika inauzuia. Nyuma yake kuna koili na kapasita, ambazo zinalainisha mapigo hayo ili umeme utoke laini. Kigeuzi kinapunguza volti kwa kuamua swichi ikae wazi sehemu gani ya kila pigo.

Chukua hesabu rahisi. Shaja inataka kutoa volti 14 kwa batri. Mabao ya jua yanaleta volti 28. Swichi sharti ikae wazi nusu ya kila pigo, maana nusu ya 28 ni 14. Volti zinazoingia zikipanda kufika 35, swichi sharti ikae wazi sehemu 40 kwa 100 tu. Zikishuka kufika 20, sharti ikae wazi sehemu 70 kwa 100. Umeme unaoingia ukipanda, swichi ipunguze, ukishuka, iongeze. Hesabu ni hiyo tu.

Sasa tazama hatari. Volti zinapanda ghafula toka 28 kufika 35, na swichi bado inakaa wazi nusu ya pigo kama zamani. Kigeuzi kinaanza kusukuma kuelekea volti 17 na nusu. Kile chenye marekebisho ya nyuma peke yake hakijui neno lolote mpaka volti za kutoka zimekwisha kupanda. Ndipo kinaanza kupunguza. Na hakiwezi kupunguza kwa haraka kama kinavyotaka, kwa sababu koili na kapasita vina uzito wao, kama maji yaliyokwisha kuingia katika mfereji. Kikiharakisha, umeme unayumba. Kwa hiyo watengenezaji wanakifanya kiende polepole kwa makusudi.

Kuchelewa huko ni kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde. Mara moja haiui batri. Lakini huku kwetu haitokei mara moja. Wingu linapita, pampu inawashwa, pampu inazimwa, mchana kutwa, mwaka mzima. Kila mara swichi ndani ya kigeuzi inapigwa na umeme mwingi kuliko desturi yake, inapata joto, inachoka. Siku moja inakufa. Na swichi ya namna hii mara nyingi hufa ikiwa wazi. Hapo umeme wote unaoingia unakwenda moja kwa moja kwenye batri bila kizuizi.

Batri ya risasi na asidi ikijazwa kupita kiasi inatoa hewa ya hidrojeni. Hewa hiyo ikifika sehemu 4 kwa 100 ndani ya chumba, cheche moja inatosha kulipua. Batri ya litiamu ya kawaida haitaki zaidi ya volti 4.2 kwa kila seli. Ikizidishwa inapata joto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Hiyo ndiyo batri iliyofungwa kiunoni au kichwani pa mtumikaji.

MAREKEBISHO YA MBELE YANAFANYWAJE

Usidhani ni jambo la akili ya ajabu. Ndani ya kigeuzi, mwanzo wa kila pigo, kuna volti ndogo inayopanda kama mtu anayepanda kilima. Pembeni kuna volti nyingine ya amri, imesimama fasi moja kama alama kwenye mti. Swichi inakaa wazi wakati ile ya kwanza inapanda. Ikifika penye alama, swichi inafungika. Kisha pigo jingine linaanza.

Katika kigeuzi cha kawaida, kilima hicho kina mwinuko mmoja siku zote. Katika kigeuzi chenye marekebisho ya mbele, kilima kinatengenezwa na umeme wenyewe unaoingia, kwa njia ya resista moja na kapasita moja. Umeme unaoingia ukipanda, kilima kinakuwa kikali, volti inafika penye alama mapema, na swichi inafungika mapema. Umeme ukishuka, kilima kinalala, volti inachelewa kufika, na swichi inakaa wazi zaidi. Hakuna aliyesubiri habari toka upande wa kutoka. Sahihisho linafanyika katika pigo lilelile ambalo badiliko limeingia.

Na si jambo la jana. Mwaka 1976 kampuni ya Silicon General ya Marekani ilitoa chipu SG1524, iliyobuniwa na Robert Mammano, ya kwanza kukusanya kazi zote za kuongoza swichi namna hii ndani ya kipande kimoja. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Unitrode ilikuwa inauza chipu UC1840, ambayo marekebisho yake ya mbele yalikubali umeme wa kuingia uliobadilika mpaka mara 4, yaani kama toka volti 10 kufika 40. Basi mwuzaji akikuambia leo kwamba ni ufundi mpya na wa ghali, umwulize mbona mafundi waliujua tangu zaidi ya miaka 40.

Tena kuna neno la kukumbuka. Kila kigeuzi kimeunganishwa kwa bati. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati sehemu 63 kwa 100 na risasi sehemu 37. Tangu Ulaya ilipokataza risasi katika vyombo vingi vya umeme mwaka 2006, lehemu nyingi zimekuwa na bati sehemu zaidi ya 95 kwa 100. Na kapasita nyingine ndogo zina tantali, inayotoka katika koltani. Mawe ya namna hiyo yanatoka katika udongo wetu wa Maniema kwa jasho letu. Si haki vyombo vilivyotengenezwa kwa mawe kama hayo viturudie vikiwa vya namna mbaya, eti kwa sababu tunaishi mbali na hatuulizi.

SI DAWA YA KILA UGONJWA

Sasa tia akili, maana hapa ndipo watu wanapokosea.

Kwanza, marekebisho ya mbele yanatazama mlango wa kuingia tu. Hayajui kama upande wa kutoka umeongeza taa kumi au umeondoa tano. Hayajui kama batri imezeeka. Kwa hiyo marekebisho ya nyuma yabaki. Yule wa juu ya mfereji na yule wa chini wote wana kazi. Wa juu anazuia mafuriko, wa chini anasahihisha makosa madogo yanayobaki.

Pili, kigeuzi kinaamini kipimo chake. Resista ya mlangoni ikiingiwa na unyevu au kutu, kitapima uwongo na kitarekebisha vibaya. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Kwa hiyo kisanduku kisiwekwe chini penye maji, wala ndani ya vumbi, na fundi akikague kwa majira yaliyowekwa.

Tatu, hakizuii radi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, uliohesabu miale ya radi kwa njia ya satelaiti kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba katika Afrika yote Kabare huko Kivu ni ya kwanza, na Kampene, hapahapa Maniema, ni ya pili, yenye miale karibu 177 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Radi ikipiga waya, hakuna kigeuzi kitakachofanya hesabu. Yatakiwa kizuia-radi, waya wa kwenda ardhini, na mkono wa mtu wa kuchomoa prizi wakati mvua bado iko mbali. Mvua ikiwa juu ya nyumba, usiguse tena.

Nne, na hili ndilo wachache wanalijua: kigeuzi kizuri kinaficha ugonjwa. Tuseme kinatumikia mzigo wa wati 100. Kinapopata volti 25, kinavuta amperi 4. Volti zikishuka kufika 20, kinavuta amperi 5. Zikishuka kufika 12 na nusu, kinavuta amperi 8. Upande wa kutoka hakuna badiliko lolote, taa inawaka vizuri, kila mtu anafurahi. Lakini ndani ya waya wa kuingia amperi zimekuwa mara 2, na joto la waya limekuwa mara 4. Waya mwembamba unayeyuka ndani ya ukuta wakati taa inang'aa.

Kwa hiyo kigeuzi chenye marekebisho ya mbele sharti kiwe pia na kikomo cha chini: umeme unaoingia ukishuka kupita hapo, kijizime chenyewe. Kiwe na fyuzi ya kiasi kilichoandikwa, si msumari wala waya wa shaba. Na penye mlango wake kuwe na kipimo cha volti ambacho mtu anaweza kukisoma.

TUNAULIZA MTU WA MWISHO

Hapa ndipo penye neno letu kubwa. Taa ikizimika ndani ya shimo, mtumikaji akajikwaa na kuvunjika mguu, tunamwuliza nani? Tunamwuliza yeye. Je, ulijaza taa yako? Je, uliitunza? Kapita anaandika: «Taa ilizimika, mtumikaji hakuangalia.» Karatasi inafungwa.

Hakuna aliyeuliza umeme ulioingia katika chumba cha kujazia ulikuwa volti ngapi usiku ule. Hakuna aliyeuliza kama pampu iliwashwa mara ngapi, au kama shaja ile ilinunuliwa kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko nyingine kwa franka chache. Tunatazama upande wa kutoka tu, tena tunachelewa. Sisi watu tunafanya kosa lilelile la kigeuzi chenye marekebisho ya nyuma peke yake.

Tunajua majibu yatakayoletwa. Mmoja atasema vyombo bora ni ghali. Ni kweli bei yake ni kubwa kidogo dukani. Lakini hesabu batri zinazokufa kabla ya wakati wake, hesabu siku ambazo timu haikushuka kwa kukosa taa, hesabu mguu wa mtu. Mwingine atasema: «Fundi wetu atatengeneza kikiharibika.» Fundi wetu ni hodari, lakini asiyeziba ufa atajenga ukuta, na fundi hawezi kutengeneza mtu.

MASHAURI KWA WANAOAGIZA VITU

Kindu ni mlango wa vitu vya Maniema: vinafika kwa reli, kwa mto, kwa ndege na kwa barabara. Kinachopita hapa ndicho kitakachofika mgodini. Kwa hiyo ndugu wa ofisi ya ununuzi na wa magazini, kabla ya kutia sahihi, ulizeni maneno haya:

1. Kwenye kibao cha chombo pameandikwa kinakubali volti ngapi za kuingia? Kilichoandikwa 100 mpaka 240 kina nafasi kubwa kuliko kilichoandikwa 220 peke yake. Lakini nafasi kubwa peke yake haionyeshi kwamba kinarekebisha mbele. Endelea kuuliza.

2. Kitabu chake kinasema nini juu ya badiliko la ghafula la umeme wa kuingia? Kikinyamaza, mwandikieni mwuzaji.

3. Kinajizima umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi?

4. Swichi ya ndani ikifa, kuna kizuizi cha pili kinacholinda batri?

Kabla ya kununua mia, mnunue kimoja, mkipeleke atelye. Fundi akifunge kwenye mzigo usiobadilika, kisha abadilishe umeme wa kuingia ghafula, toka kiasi cha chini kilichoandikwa mpaka cha juu. Atazame volti za kutoka kwa chombo kinachoonyesha mawimbi. Kipimo cha kawaida cha volti hakifai kwa kazi hii, kinachelewa kuona. Mstari ukibaki karibu umenyooka, chombo ni kizuri. Ukiruka juu kisha ukarudi, mmekwisha kujua tabia yake. Jaribio hilo halimalizi hata nusu siku.

MASHAURI KWA KAPITA NA WATUMIKAJI

Marekebisho ya mbele yanaweza kufanywa na mtu pia, bila franka hata moja.

Mtu wa mashini ya mazuti asiwashe pampu kubwa wala kuizima bila kupeleka habari kwenye chumba cha kujazia taa. Anayechomelea na afanye vivyo hivyo. Mtu wa chumba cha taa akipata habari, achomoe vyombo visivyo vya lazima, angoje umeme utulie, kisha arudishe. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Katika chumba cha kujazia, kipimo cha volti kiwekwe ukutani, upande wa umeme unaoingia. Kila zamu isomwe na kuandikwa katika daftari. Baada ya mwezi mmoja mtaona saa zipi ni mbaya, na mtaweza kujaza taa katika saa nzuri.

Mlango na dirisha la chumba vikae wazi ili hewa ya batri itoke. Asivute mtu tumbaku humo. Shaja inayotoa harufu, inayolia kwa sauti mpya, au yenye joto ambalo mkono hauwezi kuvumilia, iondolewe na ifungwe kitambaa chekundu. Isirudishwe na mtu asiye fundi.

Na karatasi ya ajali iongezewe mistari miwili: Umeme unaoingia ulikuwa volti ngapi? Mashini gani iliwashwa au kuzimwa saa hiyo? Tunaomba kamati ya usalama ilizungumze jambo hili katika mkutano wake unaokuja.

MASHAURI KWA NYUMBA

Mama, baba, nyumbani kwenu pia kuna vigeuzi. Soma kibao nyuma ya shaja kabla ya kuinunua sokoni. Isiyo na maandishi yoyote juu ya volti, iache kwa mwuzaji.

Tazama taa ya nyumba wakati mashini ya jirani inawashwa. Ikiwa inafifia sana au inang'aa kupita kiasi, jua kwamba umeme wako unayumba, na vyombo vyako vinapigwa wakati huohuo. Chomoa shaja na redio mpaka umeme utulie.

Usijaze simu wala taa ya kichwa juu ya godoro, chini ya mto wa kulalia, au karibu na chandarua. Iweke juu ya sahani ya bati au juu ya saruji. Usiiache usiku kucha wakati wote mmelala. Batri iliyovimba isijazwe tena, na watoto wasiichezee wala kuitoboa.

Waya wa mabao ya jua uwe mnene kama fundi alivyosema, hasa ukiwa mrefu. Uguse kwa nje ya ganda wakati wa kazi: ukiwa na joto, ni mwembamba mno au viungo vyake vimelegea. Zima, kisha mwite fundi.

NENO LA KUMALIZA

Ndugu zetu, hatusemi kila mtu awe fundi wa umeme. Tunasema kila mtu ajue kuuliza swali moja penye kila chombo: umeme ukiingia vibaya, nani anauona kwanza? Ikiwa jibu ni «batri», au «taa», au «mtumikaji aliye ndani ya shimo», chombo hicho si cha kwetu. Jibu jema ni kwamba kigeuzi chenyewe kinauona, na karibu yake kuna kipimo ukutani na mtu wa zamu anayekisoma.

Kesho asubuhi unapopokea taa yako dirishani, muulize mtu wa chumba cha taa: jana umeme ulikuwa volti ngapi? Akikujibu kwa kufungua daftari, mshukuru. Akikosa jibu, usimkasirikie. Mpelekee kapita habari hiyo kabla hujashuka.